Jina la Mjomba Kwenye Ofisi ya Kodi

Mlango wa mwisho, ghorofa ya juu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mgongo wa wifi umepata nafuu? Mara ya mwisho aliniambia anainama kuokota kijiko kama anayevua samaki. Na yule mdogo, bado anaandika namba nane kwa kuilaza kama miwani? Mwambieni shangazi yake anataka aandikiwe moja aitundike ukutani.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shemeji yako kikohozi kimemwacha. Mama yangu, yaani shangazi yako, magoti yanamsumbua lakini ulimi haumsumbui hata kidogo. Baba yako, Mjomba wangu, ni mzima wa mwili. Nalisema hilo mapema ili usisome yanayofuata huku moyo ukikudunda.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimejaribu simu. Ulipokea mara mbili, na mara zote mbili niliishia kukuuliza habari za hali ya hewa. Kuna mambo mtu hayasemi akisikia mwenzake anapumua upande wa pili. Kwa hiyo nimekaa mezani, shemeji yako nimemtuma sokoni na orodha ndefu, na sasa nitasema.

Kaka, nilimpeleka baba yako kwa watu wa kodi. Sikuamka asubuhi moja nikakusudia hivyo, lakini nikizunguka vipi, neno lenyewe linabaki hilo. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, ingawa ningekuwa mimi ni wewe nisingesubiri mwisho.

Unajua nilivyoondoka karakana mwaka jana. Miezi michache baada ya kumzika mama yako, kile kiwanda cha viti vya mabasi kiliniita, nami nikaenda. Nilimwambia Mjomba jioni, tukiwa tunafunika mashine. Aliniuliza swali moja tu, kama kule wana cherehani nzuri. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi nenda, mwanangu. Mkono mzuri unataka chombo kizuri." Nikaondoka nikiwa na amani. Sikujiuliza nani atabaki naye pale ndani zaidi ya Fundi Nyundo, ambaye unamjua, anaweza kumaliza siku nzima na maneno yake yote yakatosha kwenye kisanduku cha kiberiti.

Sasa mwaka huu, kabla ya kunithibitisha kazini, kiwanda kilitaka kila mmoja wetu alete cheti cha kutodaiwa kodi. Wenzangu kwao ilikuwa jambo jepesi. Mimi, kwa kuwa mwaka ule nilikuwa na waajiri wawili, nilitakiwa kujaza mwenyewe ritani, ile fomu ya mapato ya mwaka, na kuambatisha taarifa ya mshahara ya kila mwajiri, inayoonyesha alinilipa kiasi gani na alinikata kodi kiasi gani. Ya kiwanda nilipewa siku ileile. Ya karakana haikuwepo.

Nilikwenda kwa Mjomba. Nilimkuta na pini mdomoni, anavuta kitambaa kwenye kiti cha mteja. Nikamweleza. Akazitema pini kiganjani akasema, "Itapatikana. Njoo wiki ijayo." Nikaenda wiki iliyofuata, akasema ipo inaandaliwa. Mara ya tatu aliniambia bila kunitazama, "Hizo karatasi alikuwa anazifanya mama yenu." Kisha akawasha ile mashine ya kukatia sponji, nayo unajua kelele yake, huwezi kuongea juu yake.

Maneno yale ndiyo yaliyokuwa jibu lenyewe, Kaka. Alinipa ukweli wote kwa sentensi moja na mimi nikaupokea kama kisingizio. Nilitoka pale nimekasirika. Nilisema moyoni, Mjomba ananiadhibu kwa kuondoka. Nilifika hadi kumwambia shemeji yako kwamba mzee ana kinyongo. Shemeji yako akasema, "Mjomba wako? Yule anayemrudishia mteja shilingi aliyoipata ndani ya kochi?" Nikamwambia hajui mambo ya ndani ya familia yetu.

Siku za kuwasilisha zilikuwa zinakwisha. Nikaenda ofisi ya kodi. Ni ukumbi mrefu wenye viti vya chuma vilivyounganishwa, mtu mmoja akitikisa mguu mnatetemeka nyote. Nikaitwa dirishani kwa mama mmoja wa makamo, afisa, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa mtaratibu, sitamsingizia. Akaniuliza kama nimemwomba mwajiri kwa maandishi. Nikasema nimemwomba kwa mdomo. Akasema mdomo hauambatishwi.

Basi nikamwandikia Mjomba barua. Kaka, mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli, aliyekimbia nyuma yangu ameshika tandiko mpaka ndala zikamkatikia, nilimwandikia "Ndugu Mkurugenzi". Nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa na kupigia mstari. Nikaituma kwa posta, mimi ninayeweza kutembea mpaka karakana na kurudi kabla wali haujaiva.

Hakujibu. Nikarudi dirishani. Yule mama akaniambia nisihangaike, ipo njia. Ukikosa taarifa ya mwajiri unaleta slipu zako za mshahara, unaapa mbele ya wakili kwamba hizo ndizo hesabu zako, ritani inapokelewa. "Ila na sisi," akasema, "lazima tuandike mwajiri ni nani, tumfuate tujue kwa nini."

Nikamuuliza, "Itamletea matatizo?"

"Kama alichokukata alikileta kwetu, hana tatizo lolote," akasema. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Kwani ni mtu wako?"

Nikasema, "Hapana. Nilimfanyia kazi tu."

Sijui niliona aibu ya nini. Labda niliogopa atadhani tumepanga jambo, au slipu zangu zimeandikwa jikoni kwetu. Labda nilikuwa na hasira bado. Nimeligeuza kila upande, na kila upande linachoma. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na mimi wangu ulijikwaa mchana kweupe, hakuna aliyenishika koo. Nikataja jina la baba yako herufi kwa herufi, naye akaandika, nikatia sahihi.

Ritani ikapokelewa, cheti nikapata, kiwandani wakanithibitisha. Kwa muda nikasahau. Hilo nalo liweke kwenye hesabu yangu, kwamba nilikula na kulala vizuri kabisa.

Halafu adhuhuri moja Fundi Nyundo akanipigia. Mtu huyo hajawahi kunipigia simu maishani. Akasema, "Wageni wa kodi wapo. Mzee amesimama tu." Akakata.

Niliomba ruhusa nikakimbia. Nilipofika, makochi mawili yalikuwa yameachwa nusu, matumbo wazi. Maafisa walikuwa watatu mbele ya mlango wa ile ofisi ndogo ya mama yako, na mmoja wao ni yule mama wa miwani. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwenye kitasa, ufunguo mkononi. Hakuwa anabishana. Walikuwa wakimwambia, "Mzee, tunaomba tuone vitabu," naye anasema, "Ndiyo," na hasogei. Wanamwambia tena, anasema, "Ndiyo."

Mlango ule haukuwahi kufunguliwa tangu msiba. Mimi nilifanya kazi pale miezi kadhaa baada ya kuzika, nikipita mbele yake kwenda bombani kila siku, na sikugundua kwamba haufunguliwi. Slipu zangu za miezi ile alikuwa akiniandikia mwenyewe kwa mkono, kwenye kile kitabu cha nakala, juu ya meza ya kukatia. Niliona mwandiko umebadilika. Sikuuliza.

Sasa, Kaka, ndipo aliponiona. Niliingia nikihema, nikasimama karibu na mashine, nikitamani sakafu inimeze. Uso wake ukafunguka. Akawageukia wale maafisa akasema, "Ah, afadhali. Huyu hapa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yeye anavijua vitu hivi kuliko mimi. Atawaonyesha."

Yule mama akanitazama. Nami nikamtazama. Alinijua, na aliona kwamba nimejua kuwa ananijua. Angeweza kusema neno moja tu na lingetosha. Akashusha miwani, akaifuta kwa upindo wa kitambaa chake, akasema, "Vizuri. Mpwa wako atusaidie."

Baba yako akanipa ufunguo.

Sitakueleza kila kitu kilichokuwa ndani. Sweta la kijani la mama yako lilikuwa bado mgongoni mwa kiti, kalamu juu ya meza, na kikombe chenye machicha makavu ya chai chini. Vumbi lilikuwa limetulia juu ya kila kitu kwa usawa. Mjomba hakuingia. Alibaki kizingitini, na kila nilipofungua droo alitazama pembeni, kama mtu asiyetaka kumwona mwenzake akivuliwa nguo. Wageni, watu wasiomjua, walikuwa wakipekua mwandiko wa mama yako kwa sababu mimi niliwaelekeza njia.

Mahesabu yake yalikuwa safi. Kila mwezi kodi ilikuwa imelipwa, mpaka mwezi alioingia hospitali. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Afisa kijana akauliza, "Mzee, wafanyakazi uliendelea kuwakata?"

"Niliwakata," baba yako akasema. "Sikula. Ziko benki, zote, ziko peke yake. Sikujua pa kuzipeleka."

"Ungekuja ofisini ukauliza."

"Ningeuliza nini?" Alisema polepole, hakupandisha sauti. "Niseme mimi mwenye karakana siwezi kufungua kompyuta ya mke wangu? Kila kitu alikuwa nacho yeye. Mimi nilikuwa na nyundo, yeye alikuwa na kalamu. Neno la siri aliondoka nalo."

Hakuna aliyecheka. Fundi Nyundo aliinama akaanza kuokota pini sakafuni moja moja.

Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema, na ni kweli mzee alijificha. Lakini alimficha nani? Mimi niliyekaa mkabala na ile meza miaka yote, niliyekuwa nikimsomea mama yako tarakimu macho yake yakichoka. Ningeuliza swali moja tu, "Mjomba, unajua zinavyotengenezwa?" Tungemaliza kwa asubuhi moja, na wale watu wasingejua hata rangi ya mlango wetu. Badala yake nilikuwa na haraka, nikauliza, "Ziko wapi?"

Watu wa kodi hawakuwa wabaya. Benki ilithibitisha alichosema. Lakini kuchelewa ni kuchelewa, kuna faini na kuna riba, na sheria haina shangazi. Mjomba alikubali kulipa bila kuomba apunguziwe, mpaka yule mama mwenyewe akamwambia ana haki ya kuomba. Akaomba, ikapungua kidogo. Iliyobaki ameilipa kwa kuuza pikapu. Ndiyo, ile ya bluu, uliyojifunzia kuendesha ukagonga tanki la maji. Sasa makochi yanapelekwa kwa wateja kwa mkokoteni wa kukodi, naye mwenyewe anatembea kando ameshika kona ya kochi lisidondoke. Nimemwona hivyo barabarani mara moja. Nilijificha dukani mpaka wakapita. Hata hilo nimelifanya.

Mama yangu aliposikia, hakunigombeza kama nilivyotarajia. Alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akainuka, na magoti yake yale, akaenda kufua. Siku kadhaa hakusema nami zaidi ya "chumvi" na "funga mlango". Kwa shangazi yako, unajua, kunyamaza ni adhabu inayomuumiza yeye mwenyewe kwanza.

Jumamosi moja nilikwenda karakana kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta anajaza mto, nikapiga magoti pale kwenye vipande vya sponji, nikamwambia, "Mjomba, mimi ndiye niliyetaja jina lako. Na waliponiuliza kama wewe ni ndugu yangu, nilikukana." Lile la pili hakuwa akilijua. Ningeweza kulinyamazia milele, yule mama wa miwani asingelisema.

Mkono wake ukasimama ndani ya mto. Kisha akaendelea kusukuma sponji kwenye pembe.

"Kodi ni kodi," akasema mwishoni. "Siku ingefika tu. Kwa hilo sikulaumu." Akaupiga mto ngumi ukae sawa. "Lile la barua ndilo lililonila. Niliipata, nikaifungua, nikaona 'Ndugu Mkurugenzi'. Nikasema kumbe sina tena mpwa, nina mteja. Nikaiweka. Mteja anaweza kusubiri."

Sikujua nicheke au nilie. Nikasema, "Nisamehe, Mjomba."

Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, Kaka. Nakuandikia kama ilivyokuwa, nisije nikajipendelea. Akanirushia foronya akasema, "Shika upande huo," nikashika, tukamaliza mito yote ya kochi lile, na hatukurudi kwenye habari hiyo.

Tangu hapo naenda kila Jumamosi. Tumeitoa meza ya mama yako tukaisogeza karibu na dirisha. Sweta alilichukua mwenyewe nyumbani. Wafanyakazi wote wawili wa zamani waliokuwa wamekwama kama mimi wamepata taarifa zao, na mimi pia nimepewa yangu, ingawa sikuihitaji tena. Alitia sahihi taratibu, akaipuliza wino ukauke, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyomkabidhi mgeni. Naihifadhi na siwezi kuitazama.

Ananisikiliza vizuri ninapomfundisha ile kompyuta. Anakishika kipanya kama anashika kifaranga. Juzijuzi alilipa kodi ya mwezi yeye mwenyewe, na ule ujumbe wa kupokelewa ulipotokea aliusoma kwa sauti mara mbili, kisha akamwita Fundi Nyundo aje aone. Fundi akaangalia akasema, "Sawa." Kwake ni hotuba.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Baba yako amenikataza nisikwambie lolote kati ya haya. Alisema, "Kijana yuko mbali, atadhani nimezeeka, ataanza kuacha kazi zake." Nikamwahidi. Na ahadi yenyewe unaiona ilivyo mikononi mwako. Nimejiuliza sana kama navunja neno kwa ajili yako, kwa ajili yake, au ili tu nipunguziwe mzigo na mtu mwingine aubebe upande mmoja. Sina hakika. Lakini niliwahi kunyamaza naye ndani ya karakana moja, nikaona tulipofika, na siwezi kunyamaza tena.

Naomba usimuulize habari ya kodi wala pikapu. Mpigie tu, mchana, akiwa kazini, na mwache aongee juu ya mbao. Usikate anapokaa kimya. Siku hizi anakaa kimya katikati ya maneno, lakini akisubiriwa anarudi.

Kwa maana Jumamosi iliyopita tulikuwa tunafungua akaunti mpya ya karakana, na mfumo ukauliza mtu wa kutafutwa mwenyewe asipopatikana. Nikamsomea. Akajibu papo hapo, bila kufikiri, "Andika mwanangu." Nikaandika jina lako. Mfumo ukauliza namba ya simu. Akatoa simu yake akaitafuta, akaipata, akaitazama muda. Kisha akasema, "Futa. Yuko mbali, watampata usingizini. Andika lako."

Nikakufuta, Kaka, nikajiandika mimi. Alisimama nyuma ya kiti akiangalia herufi zinavyoingia, akaniambia nimekosea moja, nirekebishe.

Nisalimie wifi na umwambie akalie kiti chenye mgongo ulionyooka, hilo ni neno la fundi. Wabusu watoto wote. Shangazi yako anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Shemeji yako amerudi kutoka sokoni na amesahau vitunguu, anakusalimu pia. Fundi Nyundo nilimwambia nakuandikia, akatikisa kichwa, nadhani hiyo ni salamu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi yenye heri na moyo wa kunivumilia. Ukinijibu kwa ukali nitasoma, na usipojibu nitaelewa, lakini mpigie yeye kwanza.

Mimi wako akupendaye, hata nikiwa sistahili kulitia neno hilo hapa,

Binamu yako, mtoto wa shangazi.